Shemizi Namba Hamsini na Saba

Pikipiki yangu ilianza kuvuta sigara mwaka jana. Ndivyo majirani walivyosema: mzee ameacha, sasa inavuta pikipiki yake. Kila nilipoipandisha mlima wa kutoka Nyamyumba, nyuma yetu palibaki wingu la buluu, na mke wangu, aliyekuwa amekaa nyuma, alifika nyumbani akinuka kama kibatari.

Binti yetu mkubwa, anayefanya kazi benki huko Kigali, alikuja siku moja akaliona wingu hilo kwa macho yake. Hakupandisha sauti. Aliketi, akanywa chai yake mpaka ikaisha, kisha akasema:

"Papa, narudi Pasaka. Nikikuta hii pikipiki inatembea bila moshi, itabaki. Nikikuta haitembei, namwita mtu wa vyuma chakavu, anaibeba siku hiyo hiyo. Umri umeenda, Papa."

"Umri wangu hautoi moshi."

"Bado," akasema, akajimiminia chai nyingine, akaomba sukari.

Nieleze kidogo kwa nini jambo hili lilinikosesha raha. Kila Jumamosi mimi na mke wangu tulikuwa tunashuka Nyamyumba kwenye chemchemi za maji ya moto. Tunaloweka magoti, tunanunua sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, za kukaanga, tunagombana kidogo, tunarudi. Teksi ya pikipiki mke wangu hapandi. Anasema hawezi kumkumbatia kijana ambaye hajui mama yake ni nani. Kwa hiyo pikipiki ikiondoka, Jumamosi nayo inaondoka, na sisi tunabaki uani tukitazamana.

Nikaisukuma mpaka kwa fundi. Fundi wangu ni mtu wa Goma, ng'ambo ya mpaka, aliyeoa upande wetu wa Gisenyi, na banda lake liko kwenye njia ya kwenda Petite Barrière, ambako akina mama wenye mizigo hupita tangu asubuhi kwenda na kurudi mpakani. Alifungua injini, akachungulia, akafuta mikono taratibu kama daktari anayetafuta maneno.

"Muzee, moto yako haina magonjwa mingi. Inaomba shemizi tu."

Huku pikipiki huitwa moto, na hilo nililizoea zamani, tangu turudi kutoka Tanzania. Lakini shemizi ilinishinda. Kule Karagwe nilikokulia na kusoma sekondari, shimizi ni nguo ya akina mama, ile wanayoivaa chini ya gauni.

"Inaomba nini?"

"Shemizi. Ile kitu pistoni inavaa."

"Pistoni inavaa shimizi?"

"Sasa itembee uchi?"

Akanionyesha. Ndani ya silinda kuna bomba fupi la chuma, na pistoni hupanda na kushuka humo. Langu lilikuwa limechubuka mistari mistari kama ukuta uliokwanguliwa na paka. Akalipima, akasema ni milimita hamsini na saba. Akagusa ukingo wake wa juu: "Na iko na kole hapa. Usisahau kole." Kisha akaandika kwa Kifaransa kwenye kipande cha katoni: chemise, 57.

Kifaransa changu nimekiokota barabarani. Najua bonjour, najua pardon, najua majina ya bia. Hapa mjini nguo ya juu ya mwanamume tunaiita shati, hata wanaosema Kinyarwanda husema ishati, kwa hiyo neno lile kwangu lilikuwa chuma na chuma tu.

Madukani hapakuwa na kitu. Maduka ya Gisenyi huuza vipuri vya pikipiki za teksi, na yangu ni ya zamani, ya aina ambayo hata kiwanda chake nadhani kimeisahau. Fundi alivuka mpaka kwenda Goma akarudi mikono mitupu.

"Nitaagiza kwa simu," nikasema.

"Mwite binti akusaidie," mke wangu akasema.

Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa stoo katika hoteli moja kando ya ziwa. Niliagiza mashuka, glasi, vitasa, na sikuwahi kuletewa kitu kisicho chake. Jambo hilo nimewaambia watu wengi, hata wale ambao hawakuniuliza. Nikakataa kumwita binti.

"Basi angalia picha vizuri kabla hujalipa."

Sikuweza kuangalia picha, kwa sababu nilikuwa nimezizima ili kuokoa megabaiti. Kosa hilo ni langu peke yangu.

Niliandika "chemise moto 57", likatokea duka la nchi ya mbali ambalo liligeuza maneno yake kuwa Kiswahili lenyewe. Muuzaji alikuwa mwema mno.

"Rafiki mpendwa, karibu. Unapenda yenye kola?"

Nikakumbuka kole ya fundi. Nikaandika: "Lazima iwe na kola. Bila kola haifai kabisa."

"Chaguo zuri. Rangi gani?"

Swali hilo lilinishangaza, lakini nikajua watu wa biashara siku hizi wana mambo yao. "Rangi ya chuma," nikajibu.

"Unapenda ibane au ipwaye?"

Hapo nilimpigia fundi kuhakikisha. "Ibane, muzee," akasema. "Ikipwaya, mafuta inapita, tunarudia kilio." Nikaandika: "Ibane. Ikipwaya mafuta yatapita."

Muuzaji alinishukuru kwa maelezo. Kisha: "Rafiki mpendwa, hamsini na saba ni kubwa sana. Una uhakika?"

Damu ikanipanda. Nikamwandikia kwamba mimi nimekuwa karani wa stoo kabla yeye hajazaliwa, kwamba kipimo kimechukuliwa na fundi kwa mikono yake, na asinifundishe.

"Samahani, rafiki. Duka letu linaheshimu kila mwili."

Nikadhani anasema mwili wa injini. Nikalipa.

Mzigo ulifika wakati Pasaka imeanza kutajwa kanisani. Ulikuwa mwepesi. Nilimwambia mke wangu chuma cha siku hizi wanakifanya chepesi kwa ajili ya ndege. Alinitazama, akarudi kumenya viazi.

Sikuufungua nyumbani. Nilitaka kuufungua mbele ya watu, bandani, ambako madereva wa moto hungojea abiria. Hilo nalo ni kosa langu. Fundi akakata gundi kwa kisu. Akaingiza mkono, akatoa kitambaa, akaendelea kutoa kitambaa, na kitambaa hakikuisha.

Lilikuwa shati la rangi ya chuma. Lilikuwa na kola. Kifuani lilidariziwa kapikipiki kadogo, na ndani yake ungeweza kufunga ndoa.

Dereva mmoja mnene akasema polepole, "Fundi, si ulisema moto ya muzee inaomba shemizi?"

"Nilisema."

"Sasa imepata. Ivalishe."

Wakaivalisha. Naapa lilitosha: mkono mmoja huku kwenye usukani, mkono mwingine kule, na mkia ukafunika taa ya nyuma. Mwanamke aliyekuwa anapita na karoti kutoka Bugeshi akatua mzigo wake ili acheke vizuri.

"Yewe, muzee," akasema, "suruali yake inakuja lini?"

Kama ningecheka nao, yangeishia pale. Badala yake nilimgeukia fundi mbele ya wote nikamwambia yeye na Kiswahili chao cha Goma wameniaibisha, kwamba mtu asiyejua jina la chuma hafai kushika chuma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua lile shati, akalikunja vizuri, akaniwekea mikononi, akaingia ndani.

Muuzaji naye aliniandikia kwamba mashati ya vipimo vikubwa hayarudishwi.

Siku zilizofuata nilipita mbele ya banda mara kadhaa nikijifanya naenda sokoni. Fundi alinisalimia, lakini kwa ile salamu wanayopewa polisi. Pikipiki yangu ilikuwa nje ya banda, imefunguliwa tumbo, na Pasaka inakuja. Mke wangu alisubiri mpaka Jumamosi, wakati ambao kwa kawaida tungekuwa majini.

"Umemkosea mtu," akasema. "Goti langu linajua."

"Goti lako linajuaje?"

"Liko hapa nyumbani."

Nikaenda, shati kwapani. Fundi alikuwa anaziba tairi, hakuinua kichwa.

"Nimekuja kukutaka radhi," nikasema.

"Kunitaka nini?"

"Radhi."

"Hiyo sina. Labda kwa maduka ya mbele."

"Pardon," nikasema.

"Ah. Pardon naijua." Akaweka tairi chini. "Muzee, mi sikukasirika juu ya shati. Nilikasirika juu ya Goma. Shati lilinichekesha mpaka mbavu. Usiku bibi yangu ananiamsha, 'unacheka nini?' Nikamwambia, lala, iko na kola."

Tukacheka pamoja sasa, nikiwa nimechelewa. Nilimwachia shati lile. Hufunikia pikipiki za wateja mvua ikinyesha.

Jioni hiyo alikuja nyumbani na bomba langu bovu limefungwa kwenye gazeti. Tuliketi watatu kuzunguka simu. Nikamweleza muuzaji wetu mwema kwamba nataka ile ya ndani ya silinda, ya chuma, si nguo. Kwa Kiingereza, nilikuja kujua baadaye, bomba hilo na mkono wa shati ni neno moja, sleeve. Akafikiri, akajibu kwa furaha:

"Rafiki mpendwa, sasa tumeelewa! Unataka mkono tu, bila shati."

Fundi akashika kichwa. "Anatuma mukono."

"Atatuma," nikasema. "Mmoja. Wa kushoto."

Nilianza kumwandikia maelezo marefu. Mke wangu akaninyang'anya simu. Akaliweka bomba mezani, akaweka rula ya mjukuu ubavuni mwake, akapiga picha. Akaligeuza likaonyesha ule ukingo, akapiga tena. Akaenda na fundi mpaka bandani, wakapiga picha ya namba iliyochongwa kwenye injini, wakarudi. Alizituma zote bila neno hata moja, kisha akawasha picha ambazo mimi nilizizima, na hapo kwa mara ya kwanza nikaliona duka lile lilivyo. Lilikuwa limejaa mashati.

Muuzaji alituelekeza kwa ndugu yake wa vipuri. Huyo alituma picha ya bomba, fundi akaitazama karibu na taa, akaikuza, akahesabu matundu yake, akasema, "Ndiyo yeye." Mke wangu ndiye aliyelipa.

Bomba lilifika juma takatifu lenyewe. Zito. Fundi alilifunga Jumamosi, hakukubali kuzungumza na mtu mpaka alipomaliza.

Binti alifika Pasaka baada ya ibada, bado amevaa nguo za kanisani. Hakutaka kuketi kwanza.

"Washa, Papa."

Nikaikanyaga. Ikaitika. Binti akatoa kitambaa cheupe mkobani, akachutama nyuma ya ekzosi, akakishika pale wakati mimi naingurumisha. Kisha akasimama, akakiinua juani, akakitazama huku na huku kama noti anayoishuku. Sikumbuki kusali sana namna ile hata kanisani.

"Bon," akasema. "Ibaki. Lakini kuagiza vitu kwa simu, ataagiza Mama."

Nilitaka kumweleza kuhusu mashuka na vitasa vya hoteli. Mke wangu alikuwa tayari amepanda nyuma, kanga imefungwa kiunoni.

"Twende, sambaza zitaisha."

"Leo si Jumamosi."

"Unanidai hesabu?"

Tukashuka Nyamyumba. Nilimsikia akigeuka geuka mgongoni kwangu kila tulipopita kona.

"Unatafuta moshi?"

"Moshi hakuna," akasema. "Ni binti. Anatufuata na moto ya teksi, viatu vya kanisani mkononi."

Nikapunguza mwendo ili atufikie.