Dada Mwanaesha na Zamu ya Bamvua

Enzi zetu, sisi tuliokulia kisiwani Kudha kabla mpira wa miguu haujafika pwani ya Kismayu, mchezo ulikuwa gongo, na ningewaomba vijana wanaosimulia habari zake barazani waulize kwanza. Ijumaa iliyopita nilimsikia mmoja akieleza kwamba Athmani wa Chula aliisaliti Kudha. Kijana huyo hakuwa amezaliwa. Mimi nilikuwapo, mwenye umri wa miaka tisa, na aliyeamua jambo lile hakuwa Athmani hata kidogo. Alikuwa dada yangu, Mwanaesha. Mimi niliingia darasani nikiwa mama wa watoto wanne, na tangu siku niliyojua kuandika nimejiwekea sharti la kutaja tarehe. Nitazitaja.

Gongo lilichezwa siku za bamvua, maji yanapokupwa hadi mbali na kuacha uwanja wa mchanga mgumu, unaong'aa na kuteleza kama sinia lililopakwa samli. Kila mchezaji alishika fimbo ya mkoko iliyopinda kichwani, na kilichopigwa ni tunda kavu la mkoma, gumu kama jiwe. Mchezo ulianza mchanga ulipotokea na kwisha maji yalipofika vifundoni. Sisi wasichana tulikatazwa kutazama, basi tulijifanya tunaokota chaza, vikapu mkononi, macho kwingine. Hadi leo nikisikia harufu ya mwani uliopigwa na jua hukumbuka mkate wa mofa tuliokula kwa papa mkavu tukirudi, na kaka zetu wakichechemea mbele yetu. Mama alikuwa na neno moja kwao: "Ukirudi na jicho moja, usinitafutie la pili." Vijana wa leo huanguka wakiguswa bega, wakagaagaa mpaka waletewe maji. Kwetu aliyeanguka alikuwa analowa tu, basi aliinuka upesi.

Athmani ndiye mchezaji wa kwanza niliyemjua ambaye hakuwa na kazi nyingine. Alizaliwa kisiwani Chula, akaanza kutajwa akiwa kijana mdogo, akachukuliwa na wafanyabiashara wa Kismayu waliomvisha na kumlisha ili awachezee dhidi ya mabaharia. Nyavu hakugusa, shoka la kuchongea vyombo hakulijua. Lakini visiwani kwetu kulikuwa na kanuni: mchezaji huchezea pale anapolala, na mwanamume hulala kwa mkewe, nyumbani kwa wakwe. Kwa hiyo wazee wa Kudha walipomtaka Athmani hawakumpa nguo. Walimpa dada yangu. Baba alitaja ukoo na dini ya bwana arusi kwa urefu, na mama akamjibu, akichambua mchele, "Sema gongo, baba Mwanaesha. Watu wote wa hapa wana dini."

Msimu mmoja tulishinda kila mechi. Msimu uliofuata watu wa Chovai, kisiwa jirani, nao wakampa mke. Sheria inaruhusu, Athmani hakujua kusema la, na hapo wakubwa wakabaki na suala: mtu mwenye nyumba mbili anachezea wapi? Walikutana Kudha tarehe 29 Mfungo Mosi, mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani, mwaka 1329 wa Hijra, wakaamua kwamba atakaa wiki moja kwetu na wiki moja Chovai, na kila upande umtumie katika wiki yake. Wakasoma fatiha. Wiki ya kwanza ikawa yetu.

Sasa nawauliza wenzangu, ambao baba zenu walijua kupwa na kujaa kuliko majina ya watoto wao: hamwoni kitu? Bamvua huja takriban kila wiki mbili, na katikati yake huwa maji mafu, bahari haipwi vya kutosha na uwanja haupo. Bamvua ya kwanza ilituangukia sisi. Ya pili ikatuangukia sisi. Chovai, wavuvi wa vizazi na vizazi, walikuwa wamejifunga kumlisha mchezaji katika wiki za maji mafu, ambapo hapana mchezo. Walikuja kutambua Mfungo Tatu, wakati mechi kubwa ya visiwa viwili ilikuwa imekaribia.

Tarehe 8 ya mwezi huo Mzee Shali, mkubwa wa Chovai, aliingia uani kwetu na watu wawili. Wazee wetu walimpokea kwa kahawa na kicheko.

"Mchu huyu tumemnenepesha sisi," alisema Mzee Shali, maana mtu kwake ni mchu, "mwamchezesha nyinyi."

"Si mwampenda?" akajibiwa. "Basi mpikieni."

Mwalimu wa chuo chetu cha Kurani alikuwapo, naye akasema jambo ambalo nadhani alijuta kulisema. Zamu, alisema, si mali ya Kudha wala ya Chovai. Ni haki ya mke, na mke akitaka kumwachia mwenzake zamu yake, hakuna wa kumzuia. Wanaume wote wakageuka kuutazama mlango wa ndani.

Dada yangu alikuwa nyuma ya pazia, mimi nimekaa miguuni pake. Mzee Shali alivua viatu akaketi kwenye jamvi mbele ya mlango. "Mwanangu Mwanaesha," alisema, "nimekuja kwako kuomba. Tuachie bamvua, uchukue maji mafu."

Baba akadakia, "Hawezi."

"Baba, nimeulizwa mimi," dada akasema.

Yeye alikuwa ameona jambo ambalo wale wote hawakuliona. Wiki za bamvua Athmani alifika kwetu na fimbo begani, akashinda pwani, akarudi amevimba miguu, akala akilala. Vijana walijaa uani hadi usiku wakimwuliza alipigaje. Paa la chumba cha dada lilivuja tangu arusi. Na habari za Chovai zilifika kwa akina mama waliokwenda mazishini: kule alikuwa ametengeneza kitanda, alichota maji, jioni hukaa na mkewe wakizungumza.

"Mzee Shali," dada alisema, "bamvua chukueni. Maji mafu nipeni mimi."

"Wajua unatoa nini?" baba aliuliza.

"Najua, baba. Nyinyi mwataka mcheza gongo. Mimi nataka mume."

Kudha ilishindwa tarehe 16. Athmani, akiwachezea Chovai, alitufunga mara mbili peke yake, na vijana wa kisiwa wakatutupia mwani mlangoni. Baba hakusema na dada mpaka mwezi ulipoandama. Maji mafu yalipofika, Athmani alikuja mikono mitupu, akaangalia darini, akauliza makuti yako wapi. Nilimsikia dada akicheka juani, kicheko kikubwa, na mama akamkanya na yeye mwenyewe anacheka. Misimu miwili baadaye goti la Athmani lilikufa. Hapakuja tena wazee kutoka kisiwa chochote, na dada na mke mwenzake walimgawana kwa amani ambayo wanaume hawakuiweza. Kwa hiyo neno la usaliti lirudishwe barazani lilikotoka.

Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kulipiga tunda hata moja likaenda alikotaka, na miaka yote thelathini na moja bamvua na maji mafu yake yalikuwa yangu. Hilo nalisema kwa fahari.

Siku hizi wachezaji wana jezi na picha. Mwezi uliopita kijana wa mtaani kwetu alichukuliwa na timu ya mji mwingine, watu wakapiga vigelegele, na mkewe akapata habari sokoni, mkononi ana nyanya. Tulikuwa washamba, tulikosea hesabu ya bahari yetu wenyewe. Lakini mzee mzima wa Chovai alivua viatu, akaketi mbele ya mlango wa msichana wa miaka kumi na tisa, na akangoja ajibiwe.