Foronya ya Mtu Aliyeitwa Mtoro

Nilishasema sitaki kuandika. Binti yangu wa mwisho akanitupia daftari mezani, eti, "Mama, andika habari za baba kabla hujasahau." Nisahau mimi? Yeye ndiye husahau sufuria jikoni mpaka likaungua. Nilisoma madarasa mawili tu, na herufi zangu ni kubwa kama maboga na zinapanda mlima, lakini sijasahau kitu. Someni basi, na mtu asinisahihishe.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani wa jeshi. Hakumpiga mtu risasi hata siku moja, ila alishona magwanda ya waliopiga na ya waliopigwa. Huko jeshini kila fundi alitia alama ndani ya pindo: namba yake ya jeshi, kisha mwezi, kisha siku. Kumi ilikuwa mshono mrefu, moja ilikuwa kifundo cha uzi. Nguo ikifumuka mapema, mkubwa aliigeuza, akapapasa, akajua nani wa kuitwa. Na kila alama iliingizwa kwenye daftari la mafundi.

Sasa macho yake yamekwisha. Mchana anakaa kitini karibu na dirisha, mguu wa kulia unakanyaga sakafu polepole kama kuna cherehani pale chini. Chumba kinajaa mlio ambao haupo. Hata mimi nausikia, msinicheke. Jua la saa nane likimwangukia magotini hulipapasa, akalikunja upande huu na upande ule kama kitambaa. Halafu mwaka jana wote alikuwa ananiuliza, "Wameshaandika kwamba nilikuwepo?"

Maana tuliomba nakala ya faili lake la utumishi, binti akatusomea: siku thelathini na nane, mtoro. Siku hizo alikuwa hospitali ya jeshi, mguu umevunjwa na kasha la vitambaa. Toka tusomewe akawa anakula vijiko viwili anaweka chini. "Nikifa hivi," akaniambia, "nitakuwa bado sijarudi kambini."

Nikavaa viatu, nikaenda.

Masijala ya jeshi ni chumba kirefu, mafaili mpaka darini, feni inazunguka kwa uvivu na vumbi linaelea kama halina haraka ya kutua. Karani ni msichana mwenye miwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mume wangu hakutoroka."

Alitafuta, akasoma. "Kadi inasema kitanda cha saba, asubuhi mgonjwa hayupo. Wakaandika mtoro. Una cha kuonyesha kwamba alikuwepo?"

"Nina mimi."

"Ulikuwa naye wodini?"

"Nilikuwa naye moyoni."

"Bibi, hapa hatuna kabati la moyo."

Nilimpenda, ila sikumwonyesha.

Nyumbani nikamuuliza mzee habari za kitanda cha saba. Akatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona siku nyingi.

"Kilikuwa gizani kile. Muuguzi mkuu alinihamishia cha kumi na mbili, dirishani, nipate mwanga wa kushona foronya za wodi. Cha saba akalazwa mpiga mizinga mmoja. Kadi yangu ikabaki ilipotundikwa."

"Na huyo ndiye aliyetoroka?"

"Alimkumbuka mkewe."

"Wewe hukunikumbuka?"

"Nilikuwa na plasta mpaka kiunoni, mama."

Nikamwacha na plasta yake, nikaenda kujilaza. Foronya yangu ile nyeupe alikuja nayo kutoka jeshini, nimeilalia miaka arobaini na tisa. Pindo lake lina vijiwe vijiwe, nami siku zote nilisema fundi wake alikuwa mzembe. Usingizi ukanichukua na shavu juu ya pindo. Nikaona wodi ndefu, mapazia yanapumua, na yeye kijana yuko dirishani anashona. Uzi wake ulitoka nje, ukapita juu ya mapaa ya watu, ukaingia kwetu, na ncha yake nilikuwa nimeishika mimi. Nikivuta, na yeye anavuta.

Niliamka shavu linawasha. Kwenye kioo nikaona vifundo vimejichapa usoni. Nikamwinamia mzee. "Nisome."

Vidole vikatembea. "Namba yangu hiyo. Mwezi wa tano. Siku ya kumi na moja." Mkono ukabaki shavuni. Tarehe hiyo ilikuwa katikati ya siku za utoro.

Karani aliigeuza foronya, akairudisha. "Bibi, hii mtu angeweza kuishona jana."

"Basi fungua daftari la mafundi la mwaka ule."

"Liko stoo, halijaguswa tangu sijazaliwa."

"Nitakaa." Nikakaa. Kesho yake nikakaa. Siku ya tatu akaja nalo, nywele zimejaa utando wa buibui, tukalifungua pamoja. Mimi ndiye niliyeiona namba kwanza, maana namba nazijua. Akasoma: foronya sitini, zimekamilika mwezi wa tano, tarehe kumi na moja, zimeshonwa wodi ya mifupa, kitanda cha kumi na mbili.

Akavua miwani. "Hatufuti, bibi. Tunapiga mstari, tunaandika pembeni kwa wino mwekundu."

"Andika basi, wino usiubanie."

Aliandika kwamba mzee alikuwepo, akagonga mhuri, akanipa nakala.

Mzee aliipapasa karatasi mbele na nyuma. "Iko wapi?" Wino hauna kifundo. Nikachukua sindano, mimi ambaye hata kifungo nakishona kikakaa upande, nikayafuata yale maneno mekundu, nikatia vifundo na mishono mirefu: namba yake, mwezi, siku.

Akapitisha kidole. "Mshono mbaya huu."

"Soma, usikague."

Akasoma mara tatu. Mguu wake ukaacha kukanyaga, chumba kikawa kimya. Kisha akauliza kuna nini cha kula, na akala mpaka nikamnyang'anya sahani.

Haya, wewe uliyesoma, ni zamu yako. Foronya zilikuwa sitini, na kwangu iko moja. Nenda kageuze ya kwako, na ya mama yako, upapase pindo polepole. Ukikuta vifundo, niletee, mzee anataka kuzihesabu. Na uifue kwanza.