Mama Leso Apiga Winda, Akina Mama Wapanda Bembea

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumamosi, foleni imeshafika kwenye kibanda cha muuza miwa. Eve Muhonja amesimama kando ya geti la Bustani ya Tabasamu, nyuma ya mtaa wa Jericho, leso zimelala begani na pini zimechomekwa kifuani mwa aproni yake kama nishani za askari. Haanzi na nyuso za watu. Anaanza na miguu, kisha anapanda juu.

"Dada yangu, hivyo viatu ni vya harusi," anamwambia mwanamke aliyevaa visigino virefu. "Humu ndani kuna kokoto. Huna vingine kwenye mkoba?"

"Niko na sandali."

"Zina kamba nyuma?"

"Ziko nayo."

"Vaa hizo. Jioni utanishukuru."

Nyuma yake anakuja kijana mwenye fulana iliyoandikwa maneno makubwa ya Kiingereza kifuani.

"Niaje, Mama Leso."

"Poa. Hiyo fulana inamtukana nani?"

Kijana anajitazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anaiona. "Haimtukani mtu, mathe. Ni Kizungu tu."

"Watoto walio humu wanakijua hicho Kizungu kuliko wewe. Igeuze, ya ndani iwe nje."

Anaigeuza palepale, wenzake wakimcheka kwamba lebo ya shingoni imempendeza.

Kwenye beji ya Muhonja pameandikwa "Mhudumu wa Mavazi". Hakuna mwingine mwenye cheo hicho katika bustani nzima, na ni wachache wanaokitumia. Kwa watoto wa Jericho na Kaloleni yeye ni Mama Leso, basi.

"Watu hudhani niko hapa kuwazuia," anasema. "Mimi niko hapa kuwaingiza."

Wageni wakimwuliza wavae nini wanapokuja na familia, jibu lake ni moja. "Vaa nguo unayoweza kuinama nayo, kukimbia nayo, na kukutana na pasta wako nayo." Mitandio inayoning'inia, kofia, na hereni ndefu hubaki getini. Sweta ya mtoto yenye uzi shingoni, uzi huo hufungwa fundo na kufichwa ndani. Msichana aliyekuja na sketi fupi mno hafukuzwi. Anapewa leso ajifunge kiunoni, na jioni anairudisha.

Lakini leo Muhonja ana wasiwasi, hata kama mikono yake haionyeshi. Leo ndiyo siku ya mwisho ya majaribio aliyopewa. Saa tano watawasili akina mama wa kanisa moja la mtaani, wale wanaovaa kanzu nyeupe zinazofika kwenye vifundo vya miguu. Msimamizi wa bustani, Bedan Mbugua, atakuwepo kuwatazama wakipanda bembea za minyororo zinazozungushwa na mashine. Nguo moja ikilegea, kibao cha zamani kitarudi ukutani.

Kibao hicho kilisema: "Marinda marefu na kanzu haviruhusiwi kwenye michezo."

Kililetwa na mkasa. Mwaka jana, mtandio wa mgeni mmoja ulinaswa kwenye farasi wa kuzunguka. Muhonja, aliyekuwa mfagiaji wakati huo, alitupa ufagio na kupiga kelele mpaka mashine ikasimamishwa. Mtandio ulipasuka vipande viwili. Shingo ya mwenyewe, kwa neema ya Mungu, haikupata hata mkwaruzo.

Mbugua hakutaka mkasa wa pili. "Nililala siku tatu nikiuona ule mtandio," anasema. "Nikaamua, kila kirefu kikae chini."

Muhonja hakuona ubaya wa uamuzi huo, hadi Jumamosi moja mwezi wa nne. Siku hiyo kanisa la mama yake lilileta watoto wa shule ya Jumapili. Watoto wakapanda kila kitu. Akina mama, kanzu zao zikiwa zinagusa viatu, wakaelekezwa kwenye mabenchi.

Mama yake, Dorika Kageha, alikuwa miongoni mwao. Ana miaka sitini na minane. Aliwalea watoto wake watano katika chumba kimoja Kaloleni kwa kufulia watu nguo, na Muhonja, kitinda mimba, alikuwa amemngoja kwa hamu siku hiyo nzima ili amwone akipaa, akasahau kwamba kanzu itamzuia.

"Nilimkuta benchini amezungukwa na mikoba ya wenzake," Muhonja anakumbuka. "Nikamwambia, mama, pole. Akaniambia, pole ya nini? Lazima mtu ashike mikoba. Akacheka. Mimi nilienda nyuma ya choo nikalia, kwa sababu huyo mama ameshika mikoba ya watu maisha yake yote."

Kumwambia avae suruali halikuwa jambo la kufikiriwa. Kanisani kwao mwanamke havai suruali, na Kageha hajawahi kuivaa tangu azaliwe.

Usiku ule Muhonja alipiga magoti akaomba. Anasema hakuomba muujiza, aliomba wazo. Wazo likaja akiwa anadeki sakafu asubuhi iliyofuata: alimkumbuka Bi Mwanahamisi.

Bi Mwanahamisi alikuwa jirani yao Kaloleni, mzaliwa wa Mombasa, mke wa mfanyakazi wa reli. Alipokuwa akisugua ngazi, alijifunga leso kiunoni, akaivuta ncha ya nyuma katikati ya miguu, akaileta mbele na kuichomeka kiunoni. Leso ikawa kama suruali pana, na bado ni leso. "Hili ni winda, mwanangu," alikuwa akimwambia Muhonja mdogo. "Mwanamke akipiga winda, ujue kuna kazi."

Muhonja aliwahi kushona sare katika kiwanda cha nguo kwa miaka saba kabla kiwanda hakijafunga milango, kwa hiyo hakuridhika na kuchomeka tu. Aliongeza fundo la pili ubavuni na pini mbili, moja mbele na moja nyuma. Akaukunja urefu wa rinda ndani ya winda, usibaki hata upindo wa kupeperuka. Kisha akamwendea Maingi, mwendeshaji wa bembea, kabla bustani haijafunguliwa.

"Nizungushe," alimwambia.

"Na hiyo nepi?" Maingi akauliza.

"Wewe nizungushe."

Alizungushwa mara nne, upesi kuliko kawaida. Aliposhuka, leso haikuwa imesogea. Mbugua, aliyekuwa amekuja akiuliza nani kawasha mashine, alimkuta bado amejifunga. Badala ya kumfukuza kazi, alimzunguka akikagua mafundo kama anayenunua ng'ombe.

"Fundisha tuone," alisema. "Nakupa hadi likizo ya mwezi wa nane."

Hivyo ndivyo mfagiaji alivyopata beji. Mshahara uliongezeka kidogo, kutoka shilingi mia sita hadi mia nane kwa siku. Leso za kwanza alizinunua mwenyewe Eastleigh, moja moja, akichagua maneno yake kwa makini. "Siwezi kumfunga mgeni maneno ya mafumbo," anasema. "Mtu amekuja na mkwe wake, halafu leso inamwambia hasidi hana sababu? Hapana."

Saa tano kasoro, ngoma inasikika kutoka upande wa Kaloleni. Akina mama wanaingia wakiimba, weupe kama maziwa, vitambaa vichwani. Kageha yuko katikati, mfupi, mwenye mwendo wa haraka.

Anayeongoza ni mwenyekiti wao, Mama Apondi, mwanamke mrefu anayezungumza polepole. Muhonja anamsalimu kwa mikono miwili na kumwonyesha leso.

Apondi anamtazama mhudumu mmoja wa bustani aliyekwisha kufungwa kama mfano. "Binti yangu, hii ni suruali."

"Ni leso, mama."

"Ina miguu mingapi?"

"Miwili."

"Basi ni suruali iliyobatizwa jina lingine. Sisi hatuvai."

Akina mama wanatazamana. Mbugua, aliyesimama karibu na uzio wa bembea, anatazama saa yake. Muhonja anaikunja leso aliyoishika.

Ni Kageha anayesogea mbele.

"Apondi, wewe na mimi tumetoka upande mmoja wa mto," anasema. "Tukiwa wasichana tukienda kupalilia ng'ambo, tulivukaje maji?"

"Tulivuka tu."

"Tulivuka tu na nguo zikiwa wapi?"

Mtu mmoja nyuma anaanza kucheka. Apondi anabana midomo kuzuia tabasamu.

"Tulizipitisha katikati ya miguu tukazichomeka hapa," Kageha anaendelea, akijipiga kiunoni. "Na mama zetu walikuwa wakituona. Na walikuwa watu wa sala. Kama ile ilikuwa suruali, basi sote tuliivaa kabla ya kumjua Yesu na baada ya kumjua."

Sasa wanacheka wote, na Apondi anacheka nao. Anainua mkono. "Haya. Lakini mimi si mbuzi wa kufungwa na mtu. Nitajifunga mwenyewe."

Muhonja anafanya kazi kwa upesi, mama mmoja baada ya mwingine, nyuma ya pazia aliloshona kwa gunia. Funga, vuta, chomeka, fundo, pini. Vitambaa vya kichwani anavikaza kwa ndani. Kwa mama yake ameweka ya mwisho, leso ya manjano aliyoificha chini kabisa ya rundo. Imeandikwa: "Mola akikuinua, nani wa kukushusha."

Maingi anaisoma kwa sauti Kageha anapopita. "Mimi nitamshusha. Dakika tatu tu."

"Ukinishusha mapema nitakuombea vibaya," Kageha anamjibu.

Bembea zinaanza kwa utulivu. Minyororo inanyooka, viti vinainuka, na duara la mawinda ya rangi zote juu ya weupe wa kanzu linazunguka juu ya paa za Jericho. Watoto chini wanapiga makofi. Muhonja haangalii nyuso. Anaangalia mafundo.

Mzunguko wa pili, anaiona. Ncha ya leso moja ya bluu imechomoka na kuanza kupiga upepo.

"Simamisha," anasema, na Maingi ameshavuta mkono wa mashine kabla neno halijaisha.

Viti vinashuka taratibu. Hakuna aliyeumia. Lakini Mbugua ameona, na uso wake umebadilika. Anafika pale akiwa ametoa mikono mfukoni.

"Muhonja, nilisema moja."

"Ulisema, Bwana Mbugua."

Hajitetei. Anamfungua mama yake mkanda wa kiti. Kageha anaanza kutafuta kwa macho benchi lilipo.

Leso ya bluu ni ya Apondi. Angeweza kukaa kimya. Hakuitaka tangu mwanzo, na hakuna aliyeona alivyojifunga. Anabaki ameketi kitini, mkono mmoja kwenye mnyororo.

"Msimamizi," anasema. "Hili halikufungwa na binti huyu. Nilijifunga mwenyewe kwa kiburi, na pini nilizikataa. Ziko pale kwenye meza yake. Ukitaka kumwadhibu mtu, mimi ndiye."

Mbugua anawatazama wengine. Anapita kiti hadi kiti, anavuta kila fundo. Yote yamekaza. Anarudi alipoanzia na kukuna kidevu.

"Basi afungwe," anasema.

"Na mimi sasa ni mbuzi," anasema Apondi akishuka, na kicheko kinachopanda kinasikika hadi getini.

Anafungwa upya kwa pini mbili. Safari hii bembea zinazunguka dakika zote tatu. Apondi amefumba macho, midomo ikisema sala. Kageha ameyafumbua makubwa, miguu ameinyoosha mbele kama msichana anayevuka mto. Anapopita juu ya kichwa cha bintiye anapaza sauti kwa Kimaragoli, na Muhonja anakataa kututafsiria. "Hayo ni yangu," anasema, akifuta macho kwa ncha ya aproni.

Alasiri hiyo Mbugua anatangaza kwamba kibao cha zamani hakirudi. Kinachobaki ni maneno ya kipya. Muhonja alikuwa amependekeza: "Nguo ndefu? Karibu, tutakufunga."

"Watu watadhani hapa ni kituo cha polisi," anasema Mbugua.

"Na sisi tutadhani tunaitwa kufunga na kuomba," anaongeza Apondi. "Tutakuja na njaa."

Wanakubaliana kwamba kitaandikwa: "Njoo na heshima yako, tutakupigia winda."

Muhonja ana mpango mkubwa zaidi. Jioni, baada ya kazi, anaendelea na masomo ya ushonaji katika ukumbi wa Kaloleni, na tayari amechora winda lililoshonwa tayari, lenye mkanda na vifungo, ambalo mama yeyote anaweza kulivaa juu ya rinda lake bila kusaidiwa. Anataka kushona ya kutosha kwa kila kiti kabla ya Krismasi, kisha apeleke mfano kwenye bustani nyingine za michezo mjini. Kila asubuhi, kabla geti halijafunguliwa, anauweka mpango huo katika sala yake, pamoja na ile sala fupi aliyowafundisha walinzi: "Bwana, atakayeingia na atoke mzima."

Jua linapoinama, akina mama wanakunja leso na kuzirudisha mezani. Leso ya manjano haipo.

Kageha ameshajipanga kwenye foleni ya bembea mara ya pili, winda likiwa limekaza. Anamwita bintiye kwa kidole, anavua mkoba wake mweusi begani na kuusukuma mikononi mwake.

"Shika mkoba," anasema. "Mimi naenda juu."