Kinga Iliyotagiwa Mayai

Siku ya kwanza kuona gogo la msindano likipasuliwa pale Mafinga, nilisahau kama nina mtoto mgongoni. Gogo lilikuwa nene, ukilikumbatia mikono haikutani. Likaingia kwenye msumeno likiwa mti, likatoka mbao. Ndani lilikuwa jeupe, linatoa maji, linanuka kama dawa ya kikohozi. Nikawaza, mti huu umesimama msituni tangu mama yangu hajaolewa, na umeisha kabla chai yangu haijapoa. Nilitaka kupiga magoti.

Mume wangu ndiye alikuwa opereta wa mashine ile. Mimi na akina mama wengine watano tulipokea mbao upande wa pili na kuzipanga. Mashine zile watu wa huku wanaziita dingdong: injini, mkanda, reli mbili za toroli linalobeba gogo, na msumeno wa duara unaofika kifuani kwa mtu mzima. Ukizunguka kwa kasi huoni meno. Unaona kitu kama maji yaliyosimama, kinang'aa. Niliutazama kila siku na kila siku niliustaajabia. Hofu na uzuri vilikaa mahali pamoja, sikuweza kuvitenganisha.

Kinga ya msumeno ule ilikuwepo. Naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea. Lilikuwa bati zito la chuma lililokunjwa kama nusu ya ungo, limetengenezwa likae juu ya meno. Lilikuwa limelala nyuma ya banda la injini, kwenye majani, na kuku wa mlinzi alikuwa ametaga chini yake. Siku yangu ya pili niliuliza.

"Hiyo ni nyumba ya kuku, shemeji," akanijibu mama mmoja wa Kibena tuliyekuwa tunabeba naye mbao. "Msumeno hausikii baridi."

Tukacheka. Mimi pia nilicheka, siwezi kujisafisha. Bosi ndiye aliyesema iondolewe, kwa sababu magogo manene yaligonga kinga na kazi ikachelewa. Hakuna aliyebisha. Ukishazoea kuona meno wazi, unaona ndivyo yalivyozaliwa.

Asubuhi ya ajali kulikuwa na ukungu, tumevaa masweta. Kibanzi kilikwama kati ya mbao na msumeno. Mume wangu akanyoosha mkono kukitoa, kama alivyonyoosha kila siku, kama walivyonyoosha wote waliomtangulia. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nimeshika ncha ya mbao. Ninachokumbuka ni sauti. Gogo lenye fundo hubadilisha sauti ya msumeno. Msumari uliozama ndani ya mti huibadilisha, msumeno unalia mpaka unaziba masikio. Vidole viwili vya mume wangu havikubadilisha chochote. Msumeno uliendelea kuimba vilevile, na mimi niliendelea kuvuta mbao yangu, mpaka nilipouona uso wake.

Tulimfunga mkono kwa kitenge changu, tukampakia kwenye pikapu. Kabla hatujafika barabara kuu nilisikia mashine inawaka tena. Mama mmoja aliyebaki kazini aliniambia baadaye kwamba walimwagia maranda pale chini, wakaendelea.

Kutoka Mafinga tulipelekwa Mbeya, hospitali. Bosi alikuja siku ya tatu na mkate na soda. Alisimama mbele ya benchi nililokaa nikinyonyesha.

"Pole sana, mama. Ndiyo hivyo, ajali haina kinga. Lakini na yeye alizembea kidogo. Mkono ulifuata nini pale?"

Nilidhani anatania. Msemo ule nimeusoma nyuma ya malori tangu nikiwa mtoto, na nimefika kidato cha nne bila kuusikiliza. Siku ile niliusikia neno kwa neno. Haina kinga. Kinga ninayo, bosi, najua iliko, ina kuku. Nilipopata maneno hayo yeye alishaondoka, na soda yake ilikuwa imepata moto juani.

Wakati mume wangu anatibiwa nililala Mbalizi kwa mama mdogo. Yeye anapika chai kwenye karakana ya milango, mali ya mtu mmoja wa hapohapo mjini. Siku moja nilimsaidia kubeba birika. Mtoto alikuwa mgongoni, upindo wa kitenge unaning'inia pembeni, unaburuta. Geti lilikuwa wazi, nikaingia. Nikavuka mstari wa njano uliochorwa sakafuni, sikujua maana yake.

Msichana aliyekuwa kwenye msumeno akabonyeza kitufe chekundu. Basi. Mashine yake ikanyamaza, na wenzake walipomwona wakazima na za kwao, moja baada ya nyingine, mpaka nikasikia mwanangu akipumua mgongoni. Watu wote wamesimama wananitazama. Nikajua nimeharibu. Nikaanza kurudi kinyumenyume na birika langu.

Mwenye karakana akatoka ofisini. Nilimsubiri aulize nani amezima. Akauliza, "Kumetokea nini?"

"Dada kaingia na nguo inaburuta," msichana akasema. "Ingenaswa."

"Nani kaacha geti wazi?"

"Wewe, bosi. Umeingiza gari."

Yule mzee akavua kofia. Akanigeukia mimi, mpita njia, mbeba chai. "Kosa langu, mama. Ukiwa humu ndani, wewe na huyo mtoto mko mikononi mwangu. Samahani."

Mimi sijui niseme nini kuhusu dakika ile. Nimeshaona gogo kubwa likigeuka mbao, nimeshaona mvua ya mawe ikifuta shamba zima la mahindi, lakini bosi anayesema "kosa langu" nilikuwa sijawahi kumwona. Nikakalia ndoo. Kwenye kila msumeno pale kulikuwa na kinga, imefungwa, ina alama za mikono ya watu, na milango ilikuwa inatoka kama kawaida. Hakuna aliyechelewa. Halafu ndipo hasira ikanipanda vizuri. Kumbe inawezekana. Kumbe muda wote ule ilikuwa inawezekana.

Tulirudi Mafinga. Mkono ulipona, simu ya bosi ikaita.

"Opereta wangu, Jumatatu njoo. Vidole vinane vinatosha, wengine wana kumi na kazi hawajui."

Mume wangu alicheka kwenye simu. Alipokata, jirani akawasha mashine ya kusaga, na mimi nikamwona mume wangu akiuficha mkono kwapani. Hakujua kama anauficha. Nikasema kimoyomoyo, huyu harudi kwenye meno yaliyo wazi. Nikiwa hai, harudi.

Jumatatu tulifika mapema. Sikumsalimia mtu. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya banda la injini, nikamfukuza kuku, nikainua bati. Lilinishinda. Mama wa Kibena akaja, hakuuliza, akashika upande wa pili. Tukaliweka juu ya reli, mbele ya toroli.

Bosi akashuka kwenye gari. "Nani kaweka bati hili hapa?"

"Mimi."

"Mama, wewe unabeba mbao. Mashine inakuhusu nini?"

"Imekula mkono wa mume wangu. Inanihusu."

"Nilishakwambia, ajali…"

"Usimalizie, bosi. Kinga hiyo hapo. Inataka bolti nne."

Wanaume wakaanza kucheka chinichini. Mama wa Kibena akakaa juu ya rundo la mbao, akanyoosha miguu.

"Wewe naye vipi?" bosi akamuuliza.

"Napumzika, bosi. Kuna baridi, nasubiri msumeno uvae sweta."

Wa tatu akakaa. Wa nne akakaa. Wote sita tukakaa. Dingdong bila wapokea mbao haifiki mbali, mbao zinajaa, zinaziba, mnazima wenyewe. Hilo bosi alilijua.

Akamgeukia mume wangu. "Wewe mwanaume, mwambie mkeo atoke hapo."

Mume wangu akautoa mkono mfukoni, akautazama.

"Bosi, mimi naogopa," akasema.

Hakuna aliyecheka tena. Sijawahi kumsikia mwanaume akilitamka neno hilo mbele ya wanaume wenzake, mchana kweupe, bila kuwa mlevi. Aliyekuwa anasukuma toroli akasema, "Hata mimi, kila siku." Mtu wa injini akatikisa kichwa kukubali. Niliwatazama watu wale kama mtu anayeona mlima aliozaliwa chini yake, ukungu ukiwa umeondoka.

Bolti zilipatikana kwenye kopo la mtu wa injini. Zilikuwepo siku zote. Kufunga kinga kulichukua muda mfupi kuliko mtoto anavyonyonya ziwa moja. Muda huo ndio ulioshindikana, ukagharimu vidole viwili vya mtu.

"Haya, kazi," bosi akasema.

"Anza wewe," nikamwambia.

"Mimi?"

"Gogo moja tu. Mume wangu akuelekeze."

Pengine alitaka kutuonyesha kwamba si kitu. Akavua koti, akasimama penye alama za miguu ya mume wangu. Injini ikawaka. Nikaona anatafuta pa kushika, na ndipo nikaelewa kwamba mtu huyu mashine ni yake lakini hajawahi kusimama pale.

"Kaa pembeni, usikae usawa wa meno," mume wangu akamwambia kwa sauti kubwa, kupita kelele. "Kibanzi kikikwama, usikiguse. Zima kwanza."

"Najua."

Gogo likaingia. Mbao ya kwanza ikatoka safi. Kwenye ya pili kibanzi kikakwama, kikaanza kupigapiga. Na mkono wa bosi ukaenda. Ulikwenda haraka, kama wa mtu anayefukuza nzi, na vifundo vya vidole vikagonga chuma cha kinga, tukausikia mgongano juu ya kelele zote.

Mtu wa injini akazima. Bosi alibaki ameushikilia mkono wake mbele ya uso, anaugeuza upande huu na huu, anavitazama vidole vyote vitano.

"Umekwenda wenyewe," akasema.

"Ndiyo, bosi," mume wangu akamjibu. "Unakwenda wenyewe."