Mume Wangu Hachimbi Kaburi la Mtu

Wasomaji wenzangu, shikamooni mlio wakubwa kwangu. Jina langu lifichwe, na la kijiji pia, maana huku gazeti moja linazunguka nyumba zote. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nina mume na watoto watatu. Nimechoka. Hata barua hii naiandika kwa vipande, nikisimama kila mara kumgeuza mgonjwa wangu.

Zamani tuliishi Tabora mjini. Mume wangu ni fundi cherehani, na babu zake walikuwa na duka pale tangu enzi za misafara. Duka lilipokufa, na watu wakatakiwa kuhamia vijiji vya ujamaa, tukaletwa huku upande wa Sikonge pamoja na mama yake mzazi. Watu walitupokea vizuri, jamani. Walitukatia miti, wakatuezekea nyumba, wakatupa na mbegu. Mume wangu alisimama pembeni na kanzu yake nyeupe, anawaelekeza kwa kidole.

Basi mpaka leo ni hivyo hivyo. Kwenye mkutano wa kijiji anabeba kiti chake kutoka nyumbani, eti hawezi kukaa chini na watu. Shamba la pamoja naenda mimi. Akiamkiwa, anakohoa tu. Nikimsema, ananijibu, "Mke wangu, hawa ni watu wa jembe. Heshima yangu wanaijua." Heshima ipi, Mungu wangu! Siku hizi hata suruali zao wanapeleka Sikonge kushonwa.

Mwezi uliopita alifariki mzee jirani yetu, yule aliyetuezekea nyumba. Wanaume wakapita kumwita mume wangu wakachimbe kaburi. Hakutoka. Akatuma kitambaa cheupe, kipya kabisa, kiwe sanda. Haukupita muda, balozi wetu wa nyumba kumi akakirudisha mwenyewe, akakiweka juu ya cherehani.

"Bwana fundi, sanda tunayo. Tulikuja kukuita wewe."

"Mimi sikuzaliwa kushika sururu," mume wangu akasema.

"Haya. Msiba ukifika kwako, utachimba peke yako na kanzu yako hiyo."

Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa mama mkwe wangu yuko kitandani. Zahanati wameniambia nikae naye tu nyumbani. Huyu mama hakukosa msiba hata mmoja hapa kijijini: alichota maji, alitwanga, alilia na wafiwa. Wanawake wanakuja kumwona kila siku, lakini waume zao wanaishia njiani. Nimemsihi mume wangu aende kwa balozi aseme neno moja tu la kuomba radhi. Wapi! "Niwapigie magoti warina asali? Nitaita ndugu zangu wa mjini." Ndugu gani? Tangu tuhame hawajatuletea hata salamu.

Mke wa balozi akaninong'oneza kwamba nikienda mimi kuomba, wanaume watatoka kwa ajili ya mama. Nikafurahi, nikaenda kumwambia mgonjwa. Akanishika mkono, akasema polepole, "Usiende, mwanangu. Mimi ndiye niliyemlea nikimwambia hakuna kama yeye. Nikifa, mpeni sururu achimbe peke yake. Nitamsubiri, mimi sina haraka tena."

Tangu hapo sijalala vizuri. Nikimwangalia mume wangu namwonea huruma, halafu hasira inanipanda, halafu nachoka tu. Kiangazi hiki ardhi ni ngumu, hata jembe la kulimia linaruka. Yeye mikono yake ni ya sindano. Mama aliyewazika wenzake wote atalala ndani akingoja mwanawe ajifunze kuwa mtu, na mimi nimekaa naye namfukuzia nzi.

Leo asubuhi mama amekataa hata uji. Nishaurini, ndugu zangu, na mnishauri upesi: nitii neno lake la mwisho, au nikaombe watu waje wamzike?