Mvunja Matawi

Tangu waanze kupanda vilima, Apondi hakumwondolea macho mwongoza njia waliyempata Kajiado mjini. Kila mara mtu huyo alivunja kijitawi kibichi, akakinusa, akakibana kwapani. Wenzake Apondi wa kwaya waliimba. Apondi alificha saa yake ndani ya soksi.

"Huyu anawaachia wezi alama," Apondi alimnong'oneza mwanakwaya mwenzake, Maryanne.

Waliposhuka korongoni, miti ikawazibia jua. Mwongoza njia akasimama kwenye rundo la mawe, akapanga vijitawi juu yake polepole, kama anayemfunika mtoto.

"Hapa ndio ndugu yangu amelala. Yeye ndiye alikuwa anatembeza wageni kabla yangu. Nyati alimuua. Sasa msiimbe."

Apondi akaacha kuitazama mikono ya yule mtu, akaanza kutazama vichaka.