Ini la Fundi Baridi

Fundi Baridi alitengeneza majokofu, na mteja aliyelalamikia kelele hakumtisha. Aliyemtia wasiwasi ni yule aliyesema, "Fundi, siku hizi limetulia kweli." Hilo alilifungua haraka.

Kwa mwili wake mwenyewe hakuwa na haraka hiyo. Zamani walimkuta na homa ya ini aina ya B, wakamfuatilia, na siku moja alama iliyokuwa ikionyesha kirusi kimechachamaa haikuonekana tena kwenye damu. Muuguzi akasema ni dalili njema. Baridi alifika nyumbani akatangaza amepona, na kwa kuwa aliyepona hana shughuli na kliniki, akaacha kwenda.

Kilichomrudisha ni msiba. Kaka yake, mtu asiyewahi kuumwa hata kichwa, alikonda, akavimba tumbo, saratani ya ini ikamzika kabla hajamaliza kubishana na daktari.

"Kirusi chako hakijaondoka," daktari alimwambia Baridi, macho kwenye majibu mapya. "Kimebadilika. Kimeacha kutoa ile alama, lakini bado kinazaliana. Na mabadiliko ya namna hii yanaongeza hatari ya saratani."

"Kwa hiyo kilijificha."

"Hakikukusudia, mzee. Ila ndiyo."

Aliandikiwa kidonge cha kila siku na kipimo cha ultrasaundi. Kidonge alimeza. Kipimo alikipiga chenga: mara jokofu la bucha limezima, mara mvua, mara mgongo. Mkewe alisikiliza yote kwa adabu, kisha akavaa viatu.

"Twende, baba. Nyama za watu zitaoza hata kesho."

Mpimaji, binti wa rika la mwanawe, alipitisha kifaa chini ya mbavu, akasita, akarudi palepale.

"Mbona umerudi hapo?"

"Vuta pumzi, mzee. Ishikilie."

Akaishikilia. Kichwani alishajizika na kugawa spana.

"Pumua. Gesi ya tumboni ilikuwa inanizibia. Sioni uvimbe."

"Kwa hiyo nimepona?"

"Sijasema hivyo. Nimesema leo sioni uvimbe. Urudi baada ya miezi sita."

Hata hajafika getini, Baridi alimpigia simu dada yake mdogo.

"Nenda kapime ini. Wewe na watoto."

"Ini gani tena? Si ulipona, kaka? Ulitutangazia mwenyewe."

"Nilikosea."

"Ulikosea kupona?"

"Nilikosea kutangaza. Daktari anasema huenda tulikipata kwa mama, tukizaliwa. Kaka ameshakwenda, mimi ninacho. Umebaki wewe."



"Na wakikuta ninacho?"

"Watakufuatilia. Pengine kidonge. Na kipimo cha tumbo, mara kwa mara."

"Kinauma?"

"Hakiumi," alisema Baridi, na kwa upande wa mbavu ilikuwa kweli.